Manowari Iliyokosa Makaa: Habari za Königsberg

Katika ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa imewekwa mizinga miwili ya zamani. Mmoja ulitolewa katika Königsberg, manowari ya Wajerumani, na wa pili katika Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na hiyo Königsberg. Watu wengi huipita bila kuitazama mara mbili, na hali habari zake ni ndefu.

Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, ikiongozwa na Nahodha Max Looff. Ilikuwa na mizinga mikubwa kumi, nayo ilikwenda mbio kuliko manowari zote za Waingereza zilizokuwa karibu. Kazi ya manowari ya namna hii haikuwa kushindana na manowari kubwa, bali kuwinda meli za biashara na kuziteka au kuzizamisha, ili adui akose chakula na mali. Basi tarehe 31 Julai, vita vilipokuwa vinakaribia, Looff alitoka bandarini upesi asije akafungiwa ndani. Manowari tatu za Waingereza zilijaribu kuifuata, zikaachwa nyuma.

Tarehe 6 Agosti, mbali huko upande wa Oman, iliikamata City of Winchester, meli ya Kiingereza iliyojaa chai. Wajerumani walihamisha makaa yake kisha wakaizamisha. Mtu angedhani kwamba huo ulikuwa mwanzo wa mawindo mengi. Kumbe meli ya biashara iliyotekwa ilikuwa ni hiyo moja tu. Sababu ni makaa. Manowari ya mvuke isiyo na makaa ni kama ng'ombe wa plau asiyelishwa, haifiki mbali. Waingereza walikwisha kununua makaa yaliyokuwa katika bandari za Wareno ili Wajerumani wasiyapate, na Königsberg ikawa inaitegemea meli moja ndogo, Somali, kuiletea makaa ya kuungaunga. Hata kurudi Dar es Salaam haikuwezekana, kwa kuwa Wajerumani wenyewe walikuwa wamezamisha gati lao lielealo katika mlango wa bandari kwa kuwaogopa Waingereza.

Ndipo Looff alipoingia katika midomo ya mto Rufiji. Meli ya Kijerumani ya kupimia bahari, iitwayo Möwe, ilikuwa imekwisha kuchora ramani ya mahali hapo, na Waingereza hawakuwa na ramani kama hiyo. Huko alipata habari kwamba manowari moja ya Kiingereza imo Unguja. Jumapili tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, Königsberg ilitokea mbele ya bandari. Pegasus ilikuwa imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga yake ilijibu, lakini makombora yalianguka majini kabla ya kufika. Kwa muda mfupi watu zaidi ya 30 walikufa, na baadaye siku hiyo meli ikazama. Wajerumani walipokuwa wakiondoka walitupa mapipa yaliyojaa mchanga, ili Waingereza wayadhanie kuwa ni mabomu ya baharini.

Lakini mtambo wa Königsberg nao ukaharibika, ikabidi irudi Rufiji. Vyombo vizito vya chuma vilifunguliwa, vikapelekwa kwa njia ya nchi kavu hata karakana za Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kisha vikarudishwa. Hapakuwa na reli wala motokaa. Walioviburuta kwa kamba, katika matope na vichaka, ni Waafrika. Vitabu vya vita hutaja majina ya manahodha wote, na hata majina ya meli zilizobeba makaa. Majina ya watu hawa hayamo.

Waingereza waliigundua mwisho wa Oktoba, baada ya kukamata karatasi huko Lindi zilizoonyesha kwamba makaa yamepelekwa Salale. Hata hivyo hawakuweza kuifikia, maana manowari zao zilihitaji maji mengi, na mikoko iliwazuia kuona. Walizamisha meli kuukuu, Newbridge, iwe kizibo cha mto; lakini Rufiji una midomo mingi. Wakakaa nje wakilinda kwa miezi, na ndani ya mto Wajerumani wakapungua kwa homa. Mwezi wa Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ilifika karibu na Tanga kutoka Ujerumani, imebeba makaa ya Königsberg. Manowari Hyacinth iliiwahi. Bunduki na risasi nyingi ziliokolewa, zikamfaa Jemadari von Lettow-Vorbeck, lakini makaa hayakufika Rufiji.

Mwishowe zililetwa Severn na Mersey, meli zenye chini bapa ziwezazo kupita majini haba. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikarudi nyuma, kisha zikaingia tena tarehe 11. Ndege iliyokuwa ikiwaonyesha shabaha ilipigwa, na wanaanga wake wakaendelea kutoa ishara huku wakianguka mtoni. Looff, aliyejeruhiwa vibaya, aliamuru meli yake ivunjwe.

Mizinga yote kumi ilitolewa majini, ikaburutwa hata Dar es Salaam, ikafanyiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja ulikwenda Kigoma ukafungwa katika meli Graf von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba na kubeba abiria wa Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi.

Mwaka 1924 haki ya kuchukua chuma na shaba ya Königsberg ilinunuliwa kwa pauni 200. Mnunuzi alikuwa John Ingle, yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus. Aliwapeleka wapiga mbizi wakatoa walichoweza, kisha akaiuza haki hiyo kwa wengine, na mabaki yakaendelea kuzama katika matope ya Rufiji.