Si Kila Anayeanguka Ana Presha

Mtu akianguka ghafla nyumbani, mkono na mguu vikalegea na mdomo ukaenda upande, jirani wa kwanza kufika atasema, "Ni presha hiyo." Wa pili atasema, "Kapigwa na upepo." Hukumu imekwisha kutolewa kabla mgonjwa hajafika kwa daktari. Sisi tunaona kwamba haraka hiyo inatuponza.

Ni kweli, presha ndiyo sababu kubwa ya damu kuvuja katika ubongo. Lakini ziko sababu nyingine, na mojawapo ni uvimbe uliojificha. Uvimbe wa saratani hukua upesi, na mishipa yake ya damu huwa dhaifu. Siku moja mshipa hupasuka, damu ikaingia ndani ya ubongo au kuuzunguka. Wagonjwa wa namna hii ni chini ya 10 katika kila 100 wanaovuja damu ubongoni. Ni wachache, lakini ni ndugu zetu, na dawa ya presha peke yake haitawaponya.

Mara nyingi mwili hutoa taarifa mapema: kichwa kinachouma zaidi alfajiri, kutapika bila sababu, kifafa kinachoanza ukubwani, macho kupungua nuru, ulimi kuwa mzito, au tabia kubadilika. Aliyewahi kuugua saratani ya titi, mapafu, figo au ngozi asizipuuze dalili hizi.

Akina mama wana jambo lao pia. Aliyepata mimba zabibu huambiwa, baada ya kusafishwa, arudi kupimwa kwa miezi kadhaa. Wapo wasiorudi kwa kuwa wanajiona wazima. Masalia ya mimba hiyo yaweza kugeuka saratani, ikasambaa hadi mapafuni na ubongoni, na huko huvuja damu kwa urahisi. La kutia moyo ni kwamba saratani hii husikia dawa kuliko nyingi nyingine, hata ikiwa imekwisha kusambaa. Basi mama asiache kurudi.

Hakuna jicho liwezalo kutofautisha mambo haya kwa nje. Picha ya CT ndiyo huonyesha. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha hiyo kichwani, mjini London mwaka 1971, alikuwa mama aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Hata hivyo, damu ikiwa nyingi huweza kuufunika uvimbe usionekane. Ndiyo sababu daktari huweza kumwita mgonjwa tena baada ya wiki kadhaa kwa picha ya pili. Familia nyingine huona ni usumbufu, maana mgonjwa amekwisha pata nafuu. Tunawasihi: mrudisheni.

Zamani, aliyehitaji kupasuliwa ubongo alitazamia kuvuka bahari kwenda Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 2014 kilifunguliwa kituo cha NED cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo hapo Mnazi Mmoja, karibu kabisa na Mji Mkongwe, kwa juhudi za madaktari kutoka Hispania. Hata hivyo, mgonjwa wa Nungwi au Makunduchi bado ana safari ndefu ya barabara, na siku tatu za kumzungusha kwa waganga huirefusha zaidi.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Mtu akianguka, alazwe ubavu, asinyweshwe wala kulishwa kitu, asipewe aspirini wala vidonge vya presha vya jirani. Saa aliyoanguka ikumbukwe. Apelekwe hospitali mara moja, na anayemsindikiza awe mtu anayeyajua maradhi yake ya nyuma. Kila jumuiya nayo ikubaliane mapema ni gari la nani litaitwa usiku na nauli itatoka wapi. Tusisubiri kuchangishana mgonjwa akiwa sakafuni.

Tena tusiogope kumwuliza daktari. Si utovu wa adabu. Tukiambiwa kwamba damu imevuja, tumwulize kwa heshima swali moja: "Damu hii imetoka wapi?"