Mrusi na Safari ya "Bila Viza": Yasemwayo na Yalivyo

Tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, Mrusi wa kawaida anayetaka kwenda likizo nje ya nchi anaambiwa mambo mawili yanayopingana. Wengine wanamwambia dunia imemfungia mlango. Wengine, hasa wenye tiketi za kuuza, wanamwambia abebe pasipoti apande ndege, viza haitakiwi. Huku pwani kwetu, ambako Warusi si wageni wa leo wala jana, utasikia watu wa hoteli na waongoza watalii wakiyarudia yote mawili kwa uhakika uleule. Pande zote mbili zimekosea, lakini hao wa pili wana madhara zaidi, kwa sababu maneno yao ndiyo yanayomlaza mtu uwanja wa ndege.

"Mrusi hana pa kwenda."

Hili halihitaji maneno mengi. Iliyobana ni Ulaya. Umoja wa Ulaya ulizifungia anga ndege za Urusi mwishoni mwa Februari 2022, Septemba mwaka huohuo ukasitisha mkataba uliokuwa ukirahisisha viza, na Novemba 2025 ukaacha kuwapa Warusi wengi viza za kuingia mara nyingi. Lakini Uturuki, Serbia, Georgia, Armenia, Falme za Kiarabu, Thailand, Brazil, Argentina, Morocco na Afrika Kusini zote zinampokea mtalii wa Kirusi bila viza. China nayo ilifungua mlango Septemba 2025, siku 30 kila safari, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Wapo Watanzania wengi ambao wangeipokea orodha hiyo kwa mikono miwili, kwa hiyo tusimwonee huruma kupita kiasi.

"Bila viza ni pasipoti tu, basi."

Kinachoondolewa ni foleni ya ubalozini. Masharti mengine yanabaki, ila yamehamia kwenye simu na kwenye dirisha la uhamiaji. Mfano wa karibu ni Kenya, iliyotangaza kufuta viza kuanzia Januari 2024. Mgeni kutoka Moscow bado anajaza maombi mtandaoni, anapakia picha na mahali atakapofikia, analipa dola 30 na ushei, kisha anasubiri kibali kabla ya kusafiri. Israeli ilianza utaratibu wa aina hiyo Januari 2025, hata kwa Warusi walioondolewa viza tangu 2008. Thailand inataka kadi ya kuwasili ijazwe mtandaoni tangu Mei 2025. Georgia, tangu Januari 2026, inamtaka mtalii awe na bima ya afya.

Halafu kuna uhai wa pasipoti, jambo linalopuuzwa kuliko yote. Sheria ya Uturuki inataka pasipoti iendelee kuwa hai siku 60 baada ya kwisha kwa muda ambao mgeni anaruhusiwa kukaa. Mrusi anaruhusiwa siku 60, kwa hiyo siku anayotua Antalya pasipoti yake iwe imebakiza siku 120. Aliyebakiza miezi mitatu, akiwa na likizo ya wiki moja tu, anaweza kurudishwa kwenye kaunta ya mizigo kabla hata hajaiona ndege. Mfanyakazi wa shirika la ndege hana ubaya naye. Shirika likimpakia abiria asiyestahili kuingia, gharama za kumrudisha ni za shirika lenyewe.

"Kwa majirani, pasipoti ya ndani inatosha."

Mrusi ana pasipoti mbili: ya ndani, ambayo kazi yake ni kama kitambulisho chetu cha taifa, na ya nje. Ni kweli kwamba Belarus, Kazakhstan, Kyrgyzstan na Armenia zinapokea ile ya ndani. Tatizo ni ramani. Urusi haipakani na Armenia. Anayekwenda Yerevan kwa ndege ya moja kwa moja yuko salama, lakini anayeamua kwenda kwa gari ili aione milima atapita Georgia, na Georgia haiitambui pasipoti ya ndani. Ataendesha gari siku mbili, afike kivuko cha mpakani cha Lars, apange foleni ya saa kadhaa nyuma ya malori, kisha ageuzwe. Watoto nao wana lao: zamani aliye chini ya miaka 14 aliweza kwenda nchi hizi kwa cheti cha kuzaliwa, ila tangu Januari 2026 Urusi yenyewe inamtaka awe na pasipoti ya nje.

"Georgia unakaa mwaka mzima, ingia utakavyo."

Mwaka mzima ni kweli, na ni ukarimu mkubwa kwa nchi iliyopigana vita na Urusi mwaka 2008. Neno "utakavyo" ndilo la kulitilia shaka. Baada ya vita hivyo Georgia ilitunga sheria ya maeneo yake yanayokaliwa na Urusi: kuingia Abkhazia au Ossetia Kusini kwa kupitia upande wa Urusi, bila idhini ya Georgia, ni kosa la jinai. Sasa fikiria familia ya Krasnodar ambayo kila kiangazi inavuka daraja la mto Psou kwenda kuogelea Abkhazia, kwa kuwa ni karibu na ni rahisi. Mwaka unaofuata wanataka kwenda Tbilisi. Mhuri, picha za simu, au jibu la mtoto kwa swali la afisa, chochote kati ya hivyo kinaweza kuwaponza. Zaidi ya hayo, maafisa wa Georgia wamewahi kuwarudisha Warusi, wakiwemo waandishi wa habari na wapinzani wa Kremlin, bila kutoa sababu inayoeleweka. Kutotakiwa viza hakumpi mtu haki ya kuingia. Anayeamua ni aliyekaa nyuma ya kioo.

"Siku zikikwisha, vuka mpaka, gonga mhuri, urudi."

Serbia mbinu hii imefanya kazi. Siku 30 zikikaribia mwisho, Warusi wa Belgrade wamekuwa wakipanda basi hadi Bosnia na kurudi jioni na hesabu mpya. Ila hata huko, mgeni anatakiwa aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu kufika. Hoteli inamfanyia kazi hiyo. Aliyepanga chumba cha mtu binafsi amkumbushe mwenye nyumba.

Uturuki hesabu ni nyingine kabisa: siku 60 kwa mkupuo, na jumla isizidi 90 katika kila siku 180. Aliyeingia Machi 1 anamaliza siku zake 60 Aprili 29. Akitoka, akarudi Mei 10, hapewi 60 mpya. Amebakiza 30, zinazokwisha Juni 8, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Kazakhstan nayo, tangu Januari 2023, ina ukomo wa siku 90 katika 180. Anayezidisha hulipa faini, na anaweza kupigwa marufuku kurudi kwa muda.

"Nchi rafiki zinapokea kadi ya Mir."

Kwangu hili ndilo dai baya kuliko yote, maana linamkuta mtu akiwa ameshafika. Visa na Mastercard zilisitisha huduma Machi 2022, na kadi zao zilizotolewa na benki za Urusi zikawa hazina kazi nje ya nchi. Matumaini yakahamia Mir, kadi ya Urusi yenyewe. Benki za Uturuki ziliipokea, kisha Septemba 2022 zikaanza kuikataa moja baada ya nyingine kwa kuogopa vikwazo vya Marekani. Februari 2024 Marekani ikaiwekea vikwazo kampuni inayoendesha Mir, na mwezi uliofuata karibu benki zote za Armenia zikaiacha. Belarus bado inafanya kazi, Cuba pia. Kwingine usimtumie mtu na kadi hiyo peke yake.

Kwa hiyo mtalii wa Kirusi siku hizi anasafiri na noti. Sheria ya nchi yake inamruhusu kutoka na fedha za kigeni zisizozidi thamani ya dola 10,000. Kwa wiki mbili ufukweni zinatosha, ila noti zina karaha zake: mapokezi wanataka dhamana, wenye magari ya kukodi wanataka kadi ya kushikilia amana, na yeye ana bahasha tu. Booking na Airbnb nazo ziliondoka Urusi mwaka 2022, kwa hiyo hata chumba mara nyingi hupatikana kwa mawakala wa nyumbani. Wenye uzoefu hufungua akaunti Kazakhstan au Kyrgyzstan na kusafiri na kadi ya huko.

"Nchi niendayo ikinikubali, hakuna wa kunizuia."

Yupo, na yuko nyumbani. Mrusi mwenye deni lililoamuliwa na mahakama, likiwa rubo 30,000 au zaidi, anaweza kuzuiwa kutoka na maafisa wa utekelezaji wa hukumu. Kwa matunzo ya mtoto kiwango ni rubo 10,000. Hajui mpaka afike uwanja wa ndege wa Sheremetyevo na mizigo yake, afisa wa mpakani atazame kompyuta na kutikisa kichwa. Akilipa palepale, taarifa hazifutiki saa ileile. Sheria ya Aprili 2023 inamzuia pia aliyeitwa jeshini. Haya yote ni ya kukagua wiki kadhaa kabla ya kukata tiketi.

"Zanzibar hakuna viza, unalipa tu uwanjani."

Hili tunalieneza sisi wenyewe. Unacholipia uwanjani ndiyo viza yenyewe, dola 50 kwa Mrusi, na inaombwa pia mtandaoni kabla ya safari. Juu yake kuna bima ya Zanzibar, dola 44, ya lazima tangu Oktoba 2024, hata kama mgeni amekuja na bima yake kutoka Moscow. Kwa hiyo ndugu yangu wa hoteli, mgeni akikuuliza kabla hajaja, mtajie gharama hizo mbili, mwambie kadi yake ya Urusi asiitegemee hapa, na mwambie alete dola mpya ambazo hazijachanika, abadilishe kwenye duka la kubadilishia fedha kwa risiti, kwani kanuni za 2025 zinataka bei za ndani ya nchi zilipwe kwa shilingi.