BANGI YA TAA SI "MMEA TU"



Kijana wangu uliye Kanada, sheria huko iliruhusu bangi mwaka 2018, nawe waniambia: "Sheikh, ni mmea tu wa Allah."

Mmea tu? Mbona basi umefungiwa chumbani? Wanaumulika miale ya urujuanimno, wakitaraji THC, yaani kilevi chenyewe, kizidi. Taa zikikaribia kuzimwa, wanawasha mwanga mwekundu wa mbali ili mmea uhisi usiku umeingia, utoe maua. Taabu yote hiyo ya nini? Ni ulevi!

Zabibu nazo ni za Allah. Zikifanywa mvinyo ni haramu. Serikali inaweza kukuondolea jela, haikuondolei hisabu ya Kiyama.

Tubu leo. Allah atuhifadhie vizazi vyetu. Aamin.