Ujuzi Hauzeeki, Lakini Hutaka Shahidi

Mzazi aliyevuka miaka 45 katika wilaya za pembezoni za Tanzania, kama Liwale au Kibondo, akitafuta kazi ya ujira hukuta umri wake umetangulia kumkataa. Matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira humtaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliyekwisha kuajiriwa serikalini. Hata katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Baba mwenye afya aliyepita ujana hana fungu. Majirani husema zamu yake imekwisha, na mwisho naye huamini. Imani hiyo yafaa kupingwa, kwa sababu kinachomkwamisha zaidi mzazi huyu ni ujuzi usio na shahidi: kazi anaijua, lakini hakuna karatasi wala daftari la ofisi linalomsemea.

Tazama kazi zenyewe zilizoko vijijini. Mwaka 2021 Serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, na utaratibu uliotumika ni fosi akaunti, yaani mafundi wa hapo hapo badala ya wakandarasi wakubwa. Zahanati na nyumba za walimu nazo hujengwa hivyo. Kusimamisha kona iwe wima, kupaua na kupiga lipu ni mambo yanayokomazwa na miaka ya kazi, na miaka hiyo anayo mzazi. Hata hivyo, kamati ya ujenzi isiyo na orodha ya mafundi wa kijiji itamchukua mwenye cheti kutoka mjini, na ujira utapanda basi pamoja naye.

Basi, ndugu wazazi, tafuteni ushahidi kabla ya kutafuta kazi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi nje ya chuo. Aliyeshika mwiko au cherehani kwa miaka mingi haambiwi aanze darasani upya. Jiungeni pia katika vikundi vilivyosajiliwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mama wa miaka 50 hazuiwi kwa umri kushona sare au kupika chakula cha shule chini ya fungu hilo, ila kikundi chake kisiposajiliwa hakimo katika hesabu.

Wapo watakaosema kwamba vijana wetu hawana kazi, hivyo mzazi awapishe. Lakini mzazi asiye na kipato ndiye anayemlazimu kijana kuacha masomo, na fundi mtu mzima akipata kazi huhitaji saidia fundi, ambaye kwa kawaida ni kijana. Wengine watalitetea sharti la miaka 45 kwa hesabu ya pensheni: mchango wa miezi 180 hauwezi kutimia kwa anayeanza kazi akiwa amebakiza miaka michache kufikia 60. Hoja hiyo ina uzito kwa ajira za kudumu. Kwa kazi za mkataba na za msimu haina nguvu, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja umri miongoni mwa sababu ambazo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu. Tena wapo wanaosema maombi siku hizi ni ya mtandao, na mzee hauwezi. Kijana wake wa kidato cha nne anauweza, waketi pamoja.

Viongozi wa vijiji nao wana deni. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Hapo zisomwe nafasi za kazi na zabuni, na mtendaji afungue daftari la mafundi wote bila kuuliza mwaka wa kuzaliwa. Halmashauri iwalete wapimaji wa VETA kwenye kata, kwani nauli ya kwenda mjini ndiyo inayomshinda mzazi, wala si mtihani. Kila mzazi na asiache kikao kijacho kipite kabla jina lake na kazi anayoiweza havijaandikwa.