Rotterdam Twaijua, Kisumu Ndogo Je?

Wasee, swali moja. Rotterdam iko wapi? Uholanzi, mlangoni mwa mto Rhine, bandari kubwa. Hiyo unaijibu hata ukiamshwa usiku wa manane, sababu tulikaririshwa jiografia sekondari. Haya, niambie: maji ya mvua ya Kisumu Ndogo huenda wapi?

Kimya.

Na nasema hii yetu ya Malindi, si ile ya Kilifi mjini wala ya Kongowea.

Najua mtanicheka, msomi gani huyu aliyeacha chuo. Chekeni. Masika iliyopita nyanya yangu alizidiwa usiku. Tuktuk ikafika mwisho wa lami ikagoma: "Huko ndani ni bwawa, siingii." Tukambeba kwa kiti cha plastiki, mimi na jirani, maji magotini. Alipona, alhamdulillahi. Lakini nilibaki na swali: huu mtaro ulioziba ni wa nani? Nimuendee nani?

Nikaanza kusomasoma. Ufaransa ina komuni karibu 35,000, na zaidi ya nusu zina watu chini ya 500. Yaani kijiji cha watu 200 kina baraza lake lililopigiwa kura, na meya ambaye mlango wake kila mtu anaujua. Sisemi kule ni peponi. Vijiji vingi havina pesa, hulazimika kuungana na majirani hata kuzoa taka. Lakini mtaro ukiziba, wa kuulizwa yupo.

Sisi je? Malindi ilikuwa na baraza la manispaa na meya mpaka 2013, ugatuzi ulipoanza. Sasa makao ya kaunti yako Kilifi, na manispaa ina bodi ambayo mimi na wewe hatuipigii kura. Utasema tuna MCA. Sawa, lakini wadi ina mitaa mingi, na kilio cha mtaa mmoja kikifika bungeni kimeshakuwa mnong'ono.

Na makosa mengine ni yetu, tusidanganyane. Katiba ya 2010, kifungu cha 184, inataka wakazi washirikishwe kuendesha miji yao. Kikao cha bajeti kikiitwa, wanaenda wazee na wanaofuata soda. Sisi tuko TikTok tunatukana serikali. Mimi nikiwa wa kwanza.

Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka 5 unaisha 2027. Kabla mwingine haujaandikwa, tupite kila kichochoro na simu zetu, tuweke alama: hapa maji yanasimama, hapa tuktuk inagoma, hapa hakuna taa. OpenStreetMap ni bure, haiulizi cheti. Kikao kikiitwa, twende na ramani yetu tuiweke mezani, tuulize mtaro huu ni wa nani, na hatutoki bila jina.

Jumamosi asubuhi naanza, pale tuktuk ilipogoma. Nani anakuja?