Jiko Limehamia Wapi?

Juma hili sina habari za mbali. Nataka tuzungumze juu ya hoteli zetu ndogo za chakula, zile za benchi na meza moja. Nadhani nawe umepata kufika mahali ulipozoea kula, ukakuta mlango umefungwa, mafiga yamepoa, na jirani anakuambia, "Amehama huyo." Wauliza, "Kahamia wapi?" Kabla hujajibiwa umekwisha geuka kutafuta chai pengine.

Kuhama huku si jambo jipya kwetu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta soko karibu na maji, samaki na mawese na ndizi zikiuzwa. Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, Ujiji ulikuwa ndio mlango wa ziwa. Mpagazi aliyetoka pwani ya bahari alitua mzigo wake hapo, na mtu akitua mzigo hutaka kula. Kisha Wadachi wakaleta reli, wala hawakuifikisha Ujiji. Ufuko wa Ujiji uko wazi kwa upepo, na maji yake ya kando ni machache kwa meli kubwa. Kigoma ina ghuba yenye kina, iliyokingwa na vilima. Basi reli ikafika Kigoma mwaka 1914. Kati ya Ujiji na Kigoma mwendo haufiki kilometa kumi, lakini kwa mwenye kuuza chakula ni mbali sana. Abiria aliyesafiri kilometa 1,250 hivi toka Dar es Salaam hashuki garimoshini akaenda Ujiji kutafuta ugali. Hula pale pale aliposhukia.

Ujiji haukufa, la. Wenyeji walibaki, na mpaka leo kikombe kidogo cha kahawa cha huko ni kitamu kupita cha Kigoma. (Watu wa Kigoma msinikasirikie, nami naishi huku huku.)

Ikawa hivyo kwa meli pia. Liemba, iliyozamishwa mwaka 1916, ikaopolewa 1924, ikaanza tena safari 1927, ililisha watu wengi ambao hawakupata kuipanda hata siku moja. Siku ya meli watu walilala bandarini na mizigo yao, na mama aliyekuwa na sufuria mbili za wali alirudi nyumbani na sufuria tupu. Meli hiyo ilipositisha safari mwishoni mwa miaka ya 2010 ikingoja matengenezo, sufuria hizo nazo zilitafuta pa kwenda. Nyingine zilipanda Mwanga, nyingine zikafuata mabasi, nyingine zikaenda Kibirizi ziliko boti za vijijini. Halafu mwaka 2020 na 2021 ziwa likajaa likapanda nchi kavu, na waliokuwa wakipikia karibu na maji wakarudi nyuma na mabati yao.

Lakini habari niliyotaka kukuambia hasa ni ya mwaka 2024. Wakumbuka kwamba tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti uvuvi ulifungwa katika Ziwa Tanganyika, samaki wapate kuzaana. Nchi zote nne za ziwa hili zilikuwa zimepatana hivyo. Sina neno la kupinga. Mvuvi yeyote mzee atakuambia jinsi migebuka ilivyopungua. Ila hoteli ya Kigoma bila mgebuka na dagaa ni hoteli gani?

Alikuwako mama mmoja niliyekula kwake kila adhuhuri, si mbali na stesheni. Ugali wa muhogo, mgebuka wa mawese, na pilipili ya kusaga mwenyewe. Jina lake silitaji, hakunipa ruhusa. Biashara yake ilikwenda hivi: alfajiri alinunua samaki Kibirizi kwa fedha taslimu, mchana akatulisha, nasi tulio na mishahara tukamwambia, "Mama, andika." Akaandika katika daftari la shule. Mwisho wa mwezi tukalipa, au tukalipa nusu. Mtaji wake wote, ndugu msomaji, ulikuwa chungu cha siku moja na daftari lile.

Uvuvi ulipofungwa alijaribu maharage. Wateja wakapungua, maana maharage kila mtu anayo kwake. Katikati ya Juni nikakuta mlango umefungwa. Nikauliza kama sote tuulizavyo, nikaenda zangu. Nalikuwa na deni la shilingi 14,500 katika daftari lake. Je, nilifikiri amenisamehe? Sikufikiri kitu. Nilimwona mtu aliyehama kuwa kama mtu aliyefuta hesabu.

Mwezi uliopita nalikwenda Ujiji kwa shughuli ya maziko. Nikipita nyuma ya soko nikaona benchi la buluu lenye mguu mmoja uliofungwa kamba. Nikalitambua kabla sijamtambua mwenyewe.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Leo umepotea njia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa basi."

Nikasema nimekuja kulipa. Hilo si kweli, sikuja kwa ajili hiyo, naye alijua. Hakusema neno. Akaingia ndani akarudi na daftari, limechakaa pembe zote. Akafungua mahali pangu bila kutafuta. Nikatoa fedha, akapiga mstari, akazihesabu mara mbili.

Nikamwuliza kwa nini hakunifuata, maana kazini kwangu apajua. Akasema, "Nikufuate nikukute na wakubwa wako, nikuaibishe? Na siku ile ningekula nini njiani?" Alipofunga hakuwa na nauli ya kuwazungukia wadeni, wala mtaji wa kungoja Agosti. Aliuza masufuria mawili makubwa, akaja kukaa kwa dada yake, akaanza tena na vitumbua. Samaki waliporudi alikuwa hana chungu cha kuwapikia. Alikuja kukinunua Februari.

Kisha akanigeuzia daftari nilitazame. Kurasa nane zimejaa, na mistari ya kulipa ni michache. Majina mengi nayajua. Mengine ni ya watu ninaosalimiana nao kila siku, na wawili husoma gazeti hili, kwa kuwa mimi ndiye niwapelekeaye. Sitayaandika hapa.

Ila kama ulikuwa ukila karibu na stesheni, ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, mwaka ule kabla ya Juni: yuko Ujiji, nyuma ya soko, benchi la buluu. Hupika toka saa tano. Mgebuka umerudi, na pilipili ni ile ile.