Kabla ya Kulipia Kitabu cha Caesar, Angalia Kama ni cha Bure

Unapenda historia ya majeshi ya Roma? Usikimbilie kulipa. Kazi yetu ni malipo, lakini tunasema wazi: kuna vitabu ambavyo hufai kutoa hata shilingi moja.

Julius Caesar aliandika mwenyewe kuhusu vita vyake vya Gaul, eneo ambalo sehemu kubwa leo ni Ufaransa. Tafsiri ya Kiingereza ya karne ya 19 imeshaisha hakimiliki, na unaipakua bure kwa Project Gutenberg. Polybius pia yuko hapo, akieleza jinsi askari wa Roma alivyokatwa mshahara kulipia nafaka, nguo na silaha. Kumbe makato hayakuanza leo!

Shida ni kwamba kuna wauzaji wanaochukua tafsiri hizo hizo za zamani, wanazipa jalada jipya, kisha wanaziuza. Kwa hivyo angalia kwanza jina la mtafsiri na mwaka. Pesa yako iwekee vitabu vya utafiti mpya, ambavyo mwandishi wake bado anakula jasho lake. Hata hapo, soma kurasa za mwanzo, badilisha bei ya dola kuwa shilingi, ndio uweke PIN.